Taa Nyuma ya Picha

Mama Eufra hakujua foleni ya Kituo cha Macho ina urefu gani, maana hakuwahi kukaa ndani yake. Kila alipokuja aliwasalimia waliokaa kwenye mabenchi ya mbele, akawapa pole ya kungoja kwa moyo wake wote, kisha akazunguka nyuma ya jengo, akapita jikoni, akaonja kitumbua cha mpishi, na kugonga kwa kucha mlango wa chumba cha mafundi. Binti yake Eufrasia aliitambua hodi hiyo hata akiwa ameinamia kibodi.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu fanya upesi, nataka kuwahi gulioni. Haya macho yako yameanza tena kunichoma."

"Yamekuwa yangu leo?"

"Yakiwa mazuri ni yangu. Yakisumbua ni yako, wewe si ndiye fundi?"

Ditriki, fundi mwenzake Eufrasia, alicheka mpaka ikabidi aweke kikombe chini. Akainuka akamsogezea mama kigoda, akakifuta kwa kiwiko cha shati.

Ndivyo mambo yalivyokuwa pale kituoni, kwenye milima ya Umatengo. Mgonjwa asiye na mtu wa ndani alikata namba, akakaa benchi, akamwona daktari jua likiwa limeshapanda. Mwenye mtu wa ndani alipita jikoni. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa ni kosa. Utafanyaje kazi kwenye kituo cha macho halafu shangazi yako akae benchi tangu alfajiri kama mpita njia? Ukoo mzima ungekusema, tena usingekusema chumbani. Ungesemwa msibani, ambako hakuna pa kukimbilia. Basi kila fundi alikuwa na watu wake, na Mama Eufra alikuwa wa kwanza kati ya watu wa Eufrasia.

Ugonjwa wa usubi uliyala macho ya mama wakati Eufrasia bado hajaanza shule. Miaka yote ya kumlea binti huyo alimlea kwa masikio na kwa kupapasa. Kisha yakaja macho ya vibamba. Daktari hufungua jicho, huweka ndani yake kibamba chembamba kuliko ganda la kitunguu, na nyuma ya kibamba huweka taa ndogo isiyofika punje ya ufuta. Kibamba huchora picha, taa huiangaza kwa nyuma, na mshipa wa jicho huipeleka picha kichwani. Mitambo ya kituo huongea na vibamba hivyo kupitia hewani, mgonjwa akiwa popote, na mafundi huiamuru mitambo kwa maneno machache yanayochapwa kwenye kioo cheusi. Hakuna vitufe vya rangi wala picha za kugusa. Ni herufi tu na kitufe cha enta.

Eufrasia akachapa:

picha kalista.kinunda mwanga 0.4

Kalista Kinunda lilikuwa jina la mama, na mara ya mwisho alikuwa amemweka kwenye 0.6, na kabla ya hapo 0.8. Akabonyeza enta.

Mama Eufra akapepesa kope. Uso uliokuwa umekunjamana ukalegea.

"Aaah. Hapo sasa. Mungu akubariki, mwanangu."

"Usinibariki, niletee ndizi."

"Ndizi utaletewa na mumeo siku ukimpata." Akasimama, akajifunga vizuri kanga. "Jumamosi nahukumu mashindano ya ngoma ya kioda, lazima niwe na macho matulivu. Mwaka jana yule binti wa mstari wa nyuma alikosea mguu akadhani sikumwona. Nilimwona! Zamani nilihukumu kwa kusikiliza vishindo, watu wakinidanganya. Sasa nani atanidanganya?"

"Hakuna, mama."

"Ila huku pembeni, upande wa kushoto, pana moshimoshi hivi."

"Ni vumbi la barabarani. Osha uso ukifika."

Mama akaaga, akaenda zake kupitia jikoni, na Eufrasia akamsikia akimwambia mpishi kwamba vitumbua vya leo vimezidi iliki.

*

Kichwa kilikuwa kinamgonga Eufrasia tangu asubuhi. Monita ya mezani pake ilikuwa kuukuu, na kitufe chake cha kupunguzia mwanga kilikufa siku Ditriki alipoimwagia chai. Jambo hilo halikumsumbua, kwa sababu mitambo ya kituo ilizihesabu monita kama ilivyohesabu macho. Akachapa:

picha meza.eufrasia mwanga 0.3

Kioo kikafifia. Akashusha pumzi, akaendelea na kazi mpaka waya wa kibodi ulipochomoka. Akapeleka mkono nyuma ya monita kuupapasa, na papo hapo akaurudisha kwa kishindo, akaanza kuvipuliza vidole.

"Imekuuma?" Ditriki aliuliza.

"Inawaka moto."

"Ina miaka mingapi hiyo? Na wewe ungewaka."

Eufrasia hakucheka. Alikuwa ameupunguza mwanga mpaka macho yake yamepumzika, na bado mgongo wa monita ulikuwa wa moto kama kabla hajapunguza. Akaurudisha mkono taratibu, akaugusa tena, akautoa.

"Ditriki. Tukipunguza mwanga wa picha, taa ya nyuma inafanyaje?"

"Taa ni ya madaktari. Sisi yetu ni picha. Ukigusa taa mtambo unakwambia huna ruhusa, tumefundishwa hivyo."

"Ruhusa ya kuibadilisha. Ya kuisoma je?"

Ditriki akafikiri, akainua mabega. Katika miaka yote waliyofanya kazi pale hakuna aliyewahi kujaribu. Ungejaribu kwa sababu gani? Mtu anakuja anaumwa na mwanga, unachapa, anasema ahsante. Kazi imekwisha.

Eufrasia akachapa:

taa kalista.kinunda soma

Mtambo haukukataa. Ulijibu upesi, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa:

taa: 100
joto: 43.1

Aliisoma mistari ile mara ya kwanza asielewe. Akaisoma tena. Taa ilikuwa mia. Hakuwa ameipunguza hata kidogo, si leo, si mwezi uliopita, si siku yoyote. Alichokuwa akipunguza ni picha. Na joto lile lilikuwa la mtu mwenye homa ya kutisha, nalo lilikuwa ndani ya jicho la mama yake.

"Huenda macho yote yako hivyo," Ditriki alisema, lakini alikuwa ameshasogea na kusimama nyuma yake. "Soma mwingine. Msome Mzee Nchimbi, yule fundi baiskeli."

Mzee Nchimbi hakuwa na mtu kituoni. Mwanga ulipomsumbua alikata namba, akakaa benchi, akapunguziwa na daktari mwenyewe. Mtambo ukajibu: taa 35, joto 37. Wakamsoma binti mmoja aliyewekewa macho juzijuzi na hajawahi kulalamika. Taa mia, joto 38 na ushei.

Jikoni sufuria ilianguka, mpishi akalalamika, na wao hawakugeuka.

"Msome Tekla," Ditriki alisema kwa sauti ambayo Eufrasia hakuwahi kuisikia kwake.

Tekla alikuwa mke wake. Alikuwa akimpunguzia nyumbani kwa simu, kitandani, wakitaniana, na alikuwa amemfikisha 0.3. Mtambo ukajibu kwamba taa ni mia na joto ni 44.

Ditriki akarudi nyuma hatua mbili, akakikalia kigoda alichomfutia mama wa watu asubuhi ile, akaweka mikono kichwani. Eufrasia aliendelea kusoma watu wa mlango wa nyuma mmoja baada ya mwingine, mpwa wa mpishi, kaka wa mlinzi, Kosmasi wa bodaboda, na kila aliyependwa zaidi, aliyepunguziwa zaidi, ndiye aliyewaka zaidi.

*

Daktari Hyera aliingia akiwa na hasira ya kuitwa katikati ya mgonjwa. "Nani kawaambia msome taa?" Kisha akaiona namba iliyokuwa kwenye kioo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena. Alikuwa mwanamke wa makamo asiyejua kupaza sauti.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu," Eufrasia alisema.

"Mmempunguzia picha mara ngapi?"

"Kila alipoumia. Alikuja akisema inachoma, nikapunguza. Baada ya muda ikachoma tena, nikapunguza tena."

Daktari akakaa. Akaeleza polepole, macho yake yakiwa sakafuni. Kibamba hakina uwezo wa kuufanya mwanga uwe mdogo. Kinachofanya ni kuuziba. Ukikiamuru kitie giza, vijidirisha vyake hujifunga, na mwanga wa taa ya nyuma, uliokuwa upite, hunaswa hapo hapo na kugeuka joto. Kadiri picha inavyotiwa giza, ndivyo kibamba kinavyochemka. Mshipa wa jicho umeegemea hapo hapo. Ukichemka unaanza kuuma, na mgonjwa anadhani ni mwanga.

"Mmefunika chungu kwa mfuniko," alisema. "Moto mkauacha vilevile."

"Hatukujua," Ditriki alisema.

"Najua hamkujua." Kisha akaongeza kama anayetapika, "Mimi nilikuwa nawaona watu wenu wakipita jikoni. Foleni yangu ilikuwa inapungua. Nikasema shauri yao, ni mambo ya rangi rangi tu, sikuuliza mnawafanya nini."

Eufrasia hakuwa na nafasi ya kumkasirikia. "Basi tuwasawazishe! Taa iende arobaini na picha irudi moja. Mwanga atakaouona ni uleule, na joto litashuka. Weka neno lako la siri, daktari, mimi nachapa."

"Ungefanya hivyo siku ya kwanza, mama yako angekuwa anaona mpaka uzee. Sasa mshipa umebabuka. Ngozi iliyobabuka huipozi kwa maji ya uvuguvugu." Daktari akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Taa izimwe kabisa. Sifuri."

"Halafu?"

"Halafu tungoje. Miezi, labda mwaka. Mshipa ukipona, tunawasha tena kidogo kidogo. Wengine wataona."

"Wengine?"

Daktari akaigeukia tena namba kwenye kioo.

"Na tusipozima?"

"Mshipa utakufa. Leo, kesho, wiki ijayo, kwa joto hili sithubutu kusema. Na mshipa uliokufa hakuna amri duniani ya kuuamsha."

Alivuta kibodi kwake, akaingiza neno lake la siri, na kioo kikamfungulia amri ambazo mafundi hawakuwahi kuziona. Akachapa jina la mama, akaandika weka 0, na kidole chake kikaelekea kwenye enta. Eufrasia akamshika mkono. Hakuwahi katika maisha yake kumshika mkubwa wake wa kazi, na wote wawili walishtuka.

"Samahani, daktari. Mama yuko gulioni. Anavuka barabara ya malori yale yasiyo na madereva."

"Na Kosmasi yuko juu ya pikipiki," Ditriki alisema. "Amebeba abiria wa watu."

"Kila dakika mnayowapigia simu ni dakika inayowaunguza. Mnataka niwaache waungue kwa heshima?"

Swali hilo lilimwingia Eufrasia kama kisu, kwa sababu lilikuwa la haki. Aliiona namba ya mama ikigeuka kutoka 43.1 kuwa 43.2. Hata kama mama angekuwa amekaa salama mkekani nyumbani, bado lilikuwepo jambo lingine. Alikuwa amemtia mama yake mkono machoni kwa miaka, akichapa na kubonyeza, na mama akimbariki. Alifanya hivyo kwa kutojua. Akifanya tena leo, akijua, bila hata kumuuliza, je, atakuwa ametengeneza kosa au ameliendeleza?

"Ni macho yake," alisema. "Naomba nimwambie kwanza."

Daktari Hyera akauondoa mkono kibodini. "Waiteni wote. Nyinyi wenyewe, kwa midomo yenu. Asiyefika mpaka jua la utosi, nitamzima popote alipo na nitajibu mwenyewe mbele ya sheria."

*

Mama Eufra alirudi akinung'unika tangu jikoni. Kikapu kilikuwa na ndizi, tena mkungu mzuri wa kuchagua.

"Umenikatisha bei, mwanamke alikuwa ameshaanza kulegea! Kuna nini? Umepata mchumba?" Akamwona Ditriki ukumbini, ameshikana mikono na mke wake, Tekla analia bila sauti. Tabasamu likamtoka. "Kuna msiba?"

"Kaa mama."

Eufrasia alimweleza. Hakutumia maneno ya kitaalamu, maana alitaka pasiwe na mahali pa kujificha. Alisema alidhani anapunguza mwanga, kumbe alikuwa akiuziba, na mwanga uliozibwa ukawa moto, na moto huo uko ndani ya jicho. Akasema yule Mzee Nchimbi wa baiskeli, aliyekaa benchi, macho yake ni mazima.

Mama alicheka kwanza. Alicheka kicheko kifupi cha mtu anayengoja mwisho wa utani. Mwisho haukuja, na mdomo ukabaki wazi.

"Ule moshi wa pembeni?"

"Ndio huo, mama."

"Uliniambia vumbi."

"Nilikwambia vumbi."

"Nikaenda kuosha uso." Alisema hivyo kwa mshangao tu, kama anayejitazama mwenyewe akiosha uso kwenye bomba la gulioni. Eufrasia angependa atukanwe. Angependa kikapu kirushwe. Mama hakufanya hata moja la hayo, na hofu ikamzidi binti.

Alipomweleza kuhusu kuzima, mama akatikisa kichwa.

"Mpaka Jumamosi."

"Mama, hatujui kama Jumamosi itafika."

"Siku haiwezi kuacha kufika. Niache nihukumu, nitazame miguu ya watoto wale, jioni njooni mzime mnachotaka."

"Mama yangu," Daktari Hyera alisema kutoka mlangoni, "Jumamosi inaweza kukukuta huna macho ya kuhukumia, na usiyapate tena maisha yako yote. Ukizima leo una nafasi."

"Nafasi ya hakika?"

"Hapana. Nafasi tu."

"Basi wewe unauza mbuzi ndani ya gunia. Niache na mwanangu."

Daktari aliitwa ukumbini, ambako alikuwa na kibodi nyingine ya kuwazimia watu. Kosmasi alikuwa amefika, na sauti yake ya kuuliza abiria wake atarudije ilisikika mpaka ndani. Mlango ukafungwa. Wakabaki wawili.

Mama akageukia dirishani. Bonde lilikuwa chini yao, mashamba ya kahawa yamejipanga, na ndege mizigo zisizo na rubani zilikuwa zikipita juu yake kimyakimya. Alitazama kwa muda mrefu, akigeuza kichwa kizima kulifuata kila jambo, kwa kuwa pembeni hakuona tena. Mgongoni pake, amri ya daktari ilikuwa bado kwenye kioo. Haikuhitaji kitu kingine ila enta.

Namba ilikuwa 43.6.

Eufrasia aliweka kidole juu ya kitufe. Mama hangejua. Giza lingekuja na mama angedhani mshipa umekufa wenyewe, kama alivyoonywa. Angelia, wangelia pamoja, na baada ya miezi huenda taa ikawashwa, na mama angesema Mungu ni mwema. Hakuna ambaye angeumia kwa uongo huo. Kidole kilikuwa kimeshagusa plastiki.

Alipojua amefika hapo, alijiogopa. Aliutoa mkono, akauficha chini ya mwingine, akaigeuza monita mpaka ikatazama upande wa mama.

"Mama, njoo usome."

"Nisome nini?"

"Soma wewe mwenyewe."

Mama Eufra alijifunza kusoma kwa macho haya haya, ukubwani, akitumia kadi za watoto. Akasogea, akainama, akaandama herufi kwa kidole.

"Ta-a. Taa. Ka-li-sta. Hili ni jina langu." Akapumua. "We-ka. Na huyu wa mwisho ni sifuri."

"Ndiyo."

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

"Na ile ya kila siku, ya kunipunguzia, ilikuwa ndefu hivi hivi?"

"Hivi hivi, mama."

Mama akanyooka. Uso wake ulikuwa umeingiwa na kitu ambacho habari yote ya moto haikukileta. "Mimi nilidhani kuna mtambo mkubwa humo. Nilikuwa nakusikia unagonga gonga, nasema mwanangu anahangaika kwa ajili yangu. Kumbe mstari mmoja. Mstari mmoja, na mimi nimo ndani yake!" Akamgeukia kwa kichwa kizima. "Ungeweza kubonyeza nilipokuwa dirishani."

"Ningeweza."

"Ulitaka?"

"Kidole kilikuwa juu ya kitufe."

"Mbona uliacha?"

"Nimekubonyezea vya kutosha bila kukwambia."

Ukumbini Tekla aliacha kulia, kisha akatoa ukelele mmoja mfupi, na sauti ya Ditriki ikamfuata ikisema niko hapa, niko hapa. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

Akaweka kikapu kando. Akapandisha kanga kidogo, akaitazama miguu yake mwenyewe kwenye sakafu ile, viatu vyake vya plastiki vya bluu vyenye vumbi la gulioni. Akapiga hatua ya kioda, kulia, kulia, kushoto, akigeuza kichwa ili mguu wa kushoto usimpotee kwenye moshi. Akarudia. Hakuwa anacheza kwa furaha. Alikuwa anakagua, kwa ukali uleule aliowakagulia wengine.

"Kitufe ni kipi?"

Eufrasia akamwonyesha.

"Toa mkono wako."

Mama akabonyeza.

Hapakuwa na sauti. Mama Eufra alisimama vilevile, macho wazi, kope zikipigapiga kutafuta kitu. Kisha akang'ata mdomo. Eufrasia aliona kwenye kioo taa imekuwa sifuri na joto limeanza kuteremka.

"Linashuka, mama. Arobaini na mbili. Linashuka."

"Sikuulizi."

"Arobaini na moja..."

"Eufrasia, sikuulizi. Nipeleke nje. Chumba hiki kinanuka chai."

Eufrasia akamshika mkono kama alivyomshika utotoni, alipokuwa akimwongoza kisimani. Mama akauchomoa.

"Usinishike."

"Utajigonga, mama. Kuna meza."

"Nilizunguka nyumba na wewe mgongoni bila kujigonga. Tangulia wewe. Kanyaga kwa nguvu nisikie."

Basi akatangulia. Alifungua mlango, akaingia ukumbini walipokuwa wamekaa watu wake na watu wa Ditriki, wengine tayari wamezimwa, wengine wakingoja, na kila aliyekuwa bado anaona aliwatazama wakipita. Eufrasia alikanyaga sakafu kwa visigino, hatua baada ya hatua, kiganja kimeziba mdomo. Nyuma yake viatu vya plastiki vilimfuata, vikasita, vikamfuata tena. Alipofika katikati ya ukumbi akashindwa kuendelea, akasimama.

Viatu vya nyuma navyo vikasimama.

"Kanyaga, mwanangu," mama yake alisema gizani. "Mbona sikusikii?"